Nyama hii ni ya bucha gani

Fatouma, uko hapo? Wakwe wa Hayat wametoka sasa hivi.

Unajua Mzee Massoudi, baba ya Faruk, alikuja na mke wake toka Kinanira kutupa neno la mwisho: mutoto wake anamuoa Hayat wangu ao apana.

Nyama sikuwa nayo. Nikaponda maharagi, nikakaanga na kitunguu mingi, tangawizi na pilipili, nikafunga sambusa. Nikasema Bismillah.

Mzee hata hajakaa vizuri, anaanza: "Sisi kwetu maharagi haiingii. Ile ni chakula ya gereza."

Akala ya kwanza. Akala ya nne.

"Mama Hayat, nyama hii ni ya bucha gani?"

Bucha gani, Fatouma. Bucha gani. Mi nimetoka kuswali alasiri, uongo siwezi. Na nikisema kweli, arusi ya mutoto imekufa. Nikafungua kinywa niseme kweli, wallahi.

Mama Faruk akanikata: "Massoudi, mwanaume haulizi mambo ya jikoni. Kula."

Halafu akanifuata jikoni, akaninong'oneza: "Nyamaza, dada. Hata kwangu anakula hiyo ya maharagi miaka yote, na anasifu bucha."

Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo, ao?

Mzee amekubali, alhamdulillahi.

Ila siku ya arusi anatoa ng'ombe mzima. Sambusa nipike mi mwenyewe, na anataka ladha ileile.

Nambie basi, nyama ya kweli naipikaje ifanane na maharagi?