Ghaith Yuko Dubai

Lamees, shoga, Ghaith hatoki Idi hii. Hatoki!

Shangazi Shukriya kapiga simu kamati ya msamaha wa wafungwa sasa hivi kuuliza habari za mwanawe. Kaanguka kitako hapo hapo mlangoni, buibui bado mwilini.

Unakumbuka alivyokuwa akiwaambia watu wa mji mzima wa Ibra kuwa Ghaith yuko Dubai kikazi? Miaka mitatu! Aibu ya jela ilimshinda.

Kumbe wiki iliyopita kamati ilimtuma mtu mtaani kuuliza, Ghaith akiachiwa, nani atampokea na kumwangalia. Shangazi siku hiyo alikuwa mji wa Sur, matangani. Yule mtu akabisha kwa jirani, Bi Azza.

Bi Azza akamwambia, "Jela? Ghaith wa hapa yuko Dubai." Akaapa, Lamees. Akaapa!

Ikaandikwa kuwa hana jamaa wa kumpokea. Jina likakatwa, na orodha imeshapelekwa juu.

Shangazi anarudia tu, "Nimemfunga mimi. Nimemfunga mimi."

Mara Bi Azza huyo kaingia na sahani ya halua, anacheka. "Shukriya, alikuja mtu kumzulia mwanao jela. Nimekusitiri."

Shangazi akapangusa macho, akapokea sahani. Wallahi, akamwambia ahsante.