Picha Nane za Mkungu

Jumapili, jioni

Joto halipumui leo. Upepo wa kaskazi umelala tangu asubuhi, na mimi sina hamu hata ya chai.

Mke wangu Mwanakheri ana wiki tatu kaburini. Homa ya siku tatu tu ilimtosha. Leo ndipo nimepata moyo wa kusafisha filamu iliyobaki ndani ya kamera, maana nilikuwa na tamaa moja: labda katika picha nane, moja imemnasa.

Hakupata kupigwa picha hata siku moja. Si kwamba hakutaka. Filamu husafishwa dukani, na yeye alisema hawezi kukubali wanaume asiowajua waitungike sura yake kwenye kamba ikauke, huku wakiitazama. Sikumlaumu. Nikajifunza kusafisha mwenyewe: dawa kwenye mabakuli, taa nyekundu, blanketi kwenye mlango wa chumba cha chini ya ngazi. Miezi minne nimeunguza vidole kwa ajili yake.

Kisha nikayaharibu yote kwa majani.

Ofisini kuna kalenda yenye picha ya bustani ya Ulaya, miti yote myekundu, na bwana mkubwa haishi kuisifu. Nikaingiwa na kijicho. Mti wa mkungu wa bustani ya hapa mjini nao huwa mwekundu kabla ya kupukutika, nikaapa nitamwonyesha. Tukaenda mchana, watu wamelala, bustani tupu. Mwanakheri akafunua uso, akasimama chini ya mti.

"Leo nipige. Hapana mtu."

"Sogea kidogo, unanizibia majani," nikamwambia.

Akasogea. Nikapiga ya kwanza, ya pili, mpaka filamu ikaisha. Akacheka. "Kumbe nna mke mwenza, tena ana mizizi! Haya, na mie zamu yangu lini?"

Nikamwambia Jumapili ijayo. Jumapili hiyo tulikuwa tunamsomea hitima.

Nimezitazama zote nane hata macho yameniuma. Mkungu, mkungu, mkungu. Hakuna hata ncha ya buibui lake. Na wekundu wenyewe umetoka mweusi kama masizi, maana filamu yangu haijui rangi. Karani mzima, na hilo sikulifikiri!

Mama yake Mwanakheri, Bi Time, alikuwa ananisubiri nje ya mlango, amempakata binti yetu Asha, wa miezi saba. Nikamwonyesha picha. Akazipitia moja moja, akanirudishia.

"Sasa huyu atamjuaje mamaake?"

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Nikaona basi, nitamwandikia Asha sura ile humu, kwa kalamu, akikua aisome. Nimeandika macho. Nimeandika mwanya wa meno ya mbele, na namna alivyokuwa akiuficha kwa kiganja anapocheka. Nimefika kwenye kidoa cheusi cha shavuni, kalamu imesimama.

Kushoto au kulia?

Nimekaa na mke huyu miaka mitatu, nikila naye sahani moja. Nimefumba macho, nimeyafumbua. Sikumbuki.

Kesho itanibidi nikamwulize Bi Time. Nitamtazama kwa uso gani?