Strungi ya Susu

Jumatatu, 8 Septemba. Kyuso.
Miezi miwili na kitu tangu nitoke kwetu Mukuyuni. Mawe, saruji, tena mawe. Tunajenga ukuta katikati ya mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ushike maji. Mgongo unauma. Leo zamu yangu kuchota maji ya chai. Maji ya kisima hapa ni chumvi tupu, kwa hivyo tunachota kwenye tangi la mvua la mama mzee tunayemwita Susu, yaani nyanya. Yeye hatutozi pesa. Lakini ukifika lazima akukaribishe chai kwanza. Nilichungulia sufuria. Strungi, maji na majani tu, bila tone la maziwa. Sukari imebaki chini kabisa ya mkebe. Nikamwonea huruma. Nikasema nimeshiba, nikajaza mitungi, nikaenda. Nilijiona mtu mwema.

Jumanne, 9.
Bomba la tangi lina kufuli. Susu amekaa mlangoni anachambua ndengu. Nikamsalimu. Akaitika, basi. Saa nne tukapika chai na maji ya kisima. Maziwa yakakatika, yakawa madonge. Hakuna aliyemaliza kikombe. Wakaniuliza nilimwambia nini Susu, nikawaeleza.

Alhamisi, 11.
Bado chumvi. Tumbo linasokota. Zamani waliniita Makueni, kaunti ya kwetu. Sasa jina ni Nimeshiba. "Nimeshiba, lete mawe!" Nilicheka mara ya kwanza tu. Mwanzia, foremani wetu, hacheki. Watu wawili wanafunga mizigo, na ukuta lazima uishe kabla ya mvua. Amenipa mpaka Jumatatu. "Wewe ndiye ulimfanya afunge, wewe umfanye afungue. Ama ubebe begi urudi kwenu." Siwezi kurudi hivyo. Binti yangu Mutheu anasoma kwa pesa ya ukuta huu.

Ijumaa, 12.
Nilinunua maziwa na sukari sokoni, nikampelekea Susu. Akanirudishia mikononi. "Nani amekwambia naomba?" Nimeharibu zaidi. Naona aibu.

Jumapili, 14.
Ibada ndefu. Niliomba, sikusikia kitu. Mchana Abdi akafika na lori la saruji. Ni mtu wa kaskazini, husafiri na maji yake na jiko lake. Akapika chai ya kwao: tangawizi, hiliki, maziwa ya ngamia. Nzuri sana. Akasimulia Wachina aliofanya nao kazi ya barabara. Majani ndani ya chupa, maji moto juu, hakuna sukari, hakuna maziwa. Wanakunywa kutwa nzima. Nikasema, maskini. Abdi alicheka mpaka akamwaga chake.
"Maskini? Wewe, hao ndio wenyewe wa chai! Walikuwa wanakunywa hivyo kabla babu yako hajaona kikombe. Mmoja aliniona natia maziwa, akanihurumia mimi."
Nimekaa na maneno hayo jioni yote. Kwetu, chai ikikosa maziwa tunaificha mgeni asiione. Susu hakunificha. Mimi ndiye niliona umaskini ndani ya sufuria yake, na yeye aliona ninavyoona.

Jumatatu, 15.
Nimeenda asubuhi mikono mitupu. Hata mtungi sikubeba.
"Susu, naomba strungi."
Akaniangalia. "Leo hujashiba?"
"Sijashiba."
Akawasha moto, polepole makusudi. Chai ilikuwa chungu kidogo, na harufu ya moshi. Nilikunywa mpaka majani ya chini. Akaongeza bila kuuliza. Nikamaliza hicho pia. Jasho lilinitoka.
"Kiangazi kilimaliza ng'ombe," akasema. "Mimi hakikunimaliza."
Akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo.
"Waambie wenzako. Anayekuja hapa anakaa kwanza."
Saa nne chai ilikuwa chai. Mwanzia alikunywa, akaniashiria nirudi kwenye mawe. Imetosha.

Jumamosi, 27.
Ukuta umekaribia juu. Mawingu machache upande wa milima. Zamu haikuwa yangu lakini nilipita kwa Susu. Tukanywa strungi tukiangalia kuku wake. Mgongo bado unauma. Nyumbani ng'ombe wetu ana maziwa, lakini kikombe cha kwanza nitaomba wasitie. Mke wangu atafikiri naumwa. Natarajia kufika Mukuyuni Jumamosi ijayo, tarehe nne Oktoba, jioni.