Maneno ya Albertine Yaliyobaki Kwangu

Likasi, tarehe 19 Septemba 1971

Mama Berthe mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Habari za Kambove? Mguu wako unaendeleaje, bado unakusumbua asubuhi? Sisi huku ni wazima, ila joto la mwezi huu halina huruma. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, kama marehemu binti yako Albertine alivyokufundisha. Tafadhali usimwite jirani akusomee. Habari nyingine ndani ya barua hii ni zako peke yako.

Mama, nimeolewa! Najua umekwisha kusikia, na najua kwa nini hukuja. Lakini furaha yangu ni kubwa mno, nikiificha nitakuwa mwongo. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu niwe mke wa Joachim, aliyekuwa mkwe wako. Jumamosi nikisikia lori linalowaleta wafanyakazi kutoka kituo cha umeme cha Koni, nauacha mwiko wa bukari jikoni, natoka mbio na unga mikononi. Akioga anaimba, na anaimba vibaya kabisa, nami nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama ni kwaya ya Pasaka. Jirani yetu Clémentine alinikuta hapo, akaniuliza: “Weye, mwanaume anaoga tu, unalilia nini?” Nikajifuta machozi, nikacheka.

Humu ndani tunamtaja Albertine kila siku. Usidhani amesahauliwa. Wewe ulimjua kama mtoto. Niruhusu nikusimulie nilivyomjua mimi kazini.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka shule ya masista, nikapewa kazi ya kuandika madaftari kwenye foyer, ile nyumba ya kampuni ambako wanawake wa kambi ya wafanyakazi walijifunza kushona na watoto walipimwa uzito. Albertine alikuwa assistante sociale wetu, aliyezitembelea familia za kambi kuangalia hali zao. Wanawake walimwogopa mwanzoni, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa anaingia nyumbani mwa watu na kufunua sufuria. Yeye alibisha hodi, akangoja, na akikaribishwa alikuwa anasema: “Nimekuya kukuona weye, hapana sufuria.”

Kulikuwa na Mayimuna, mke wa dereva, mwenye mtoto mchanga aliyekonda. Alikataa katakata kumpima. Alisema mtoto wake hapimwi kwenye ndoano kama nyama ya soko. Albertine hakumgombeza. Alivua viatu, akajitia yeye mwenyewe kwenye kile kitambaa cha kubebea watoto kilichoning'inia kwenye mizani, mtu mzima na unene wake! Kamba ikakatika, akaanguka kwa makalio mbele ya wanawake wote. Akaniambia palepale sakafuni: “Andika, Henriette: assistante, kilo nyingi.” Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mayimuna alicheka kuliko wote, na kamba ilipofungwa upya, akamtoa mtoto mgongoni bila kuambiwa. Mtoto yule sasa anapiga mpira, anatuvunjia vioo.

Na jinsi alivyompenda Joachim! Ndoa yao haikupata mtoto, watu wakasema mengi, lakini wale wawili walikuwa wanachekeana kama wachumba. Alijifunza kunyoa ili kichwa cha mume wake kisishikwe na mtu mwingine. Alimketisha kwenye kiti nje ya mlango na mkasi wa foyer, huku akimsimulia mambo ya juma zima. Mara nyingine alimwacha upande mmoja mrefu kwa sababu ya kucheka. Joachim alikwenda kazini vile vile, na akiulizwa alisema ndiyo mtindo wa Likasi.

Sasa, Mama, nafika penye uzito. Kaa chini kwanza.

Figo zilipomwangusha, na vidole vyake vikavimba hata asiweze kushika kalamu, aliniita hospitalini niandike barua yake ya kuaga. Ndiyo ile waliyoisoma matangani. Cherehani aliiachia foyer. Sufuria kubwa alimwachia Clémentine. Hata Joachim aliambiwa anyolewe na kinyozi Nicolas na asijaribu mwenyewe. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukalia kwa sauti: “Hata sufuria alikumbuka, minye hapana!” Nilikuwa nyuma yako. Nilisikia, nikanyamaza.

Alikukumbuka, Mama. Alikutaja kabla ya wote. Maneno yake ni haya, sikuongeza wala sikupunguza: “Mwambieni mama yangu, yeye mwenyewe amtoe Joachim kifo changu, awe huru kuoa. Wajomba zangu wasimfunge shanga nyeupe mkononi, afunge mama. Mkono wake ndio ulinishika nikizaliwa, na ndio nataka uniage. Kisha ampe mke, huyu Henriette anayeandika.”

Kalamu ilisimama, sikuyaandika. Jina langu lilikuwa limeshikana na lako, na niliogopa kwamba nikiandika la kwako, nitaulizwa mwendelezo wake. Nani angeamini kwamba msichana hakujiandikia ndoa kwa kinywa cha mgonjwa? Na kulikuwa na jambo baya zaidi: nilikuwa nimekwisha kuanza kumtazama Joachim siku za Jumamosi, na Albertine alikuwa ameona. Aliponiomba nimsomee, nilisoma, na nilipofika pale nikayatamka maneno yale kana kwamba yamo kwenye karatasi. Akatabasamu, akatia alama ya kidole chini ya barua. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anakufa.

Baadaye wajomba wakamfunga Joachim shanga, wakamwacha huru aoe, na wewe ukabaki Kambove ukiamini mtoto wako alikuacha bila neno. Joachim alinichumbia mwaka uliofuata bila kujua lolote. Leo maneno hayo yananifaa mimi, kwa hiyo una haki ya kuyatilia shaka. Sina shahidi. Lakini ni mali yako, na siwezi tena kulala vizuri nikiwa nimeyakalia.

Jana nilimweleza Joachim. Alitoka nje, akarudi na macho mekundu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba Jumapili ijayo atakuja kwako na kukunyooshea mkono, umfunge shanga wewe, kama mke wake alivyotaka. Na kama hutaki kumwona, atarudi na lori la jioni. Atakuja peke yake. Mimi sitakanyaga mlango wako mpaka uniite kwa jina.

Wasalimie dada yako Élise na wote wa nyumbani. Clémentine anakusalimu, na Mayimuna amekutumia unga wa muhogo kwa mkono wa Joachim. Mungu akupe nguvu ya kusoma haya hadi hapa.

Ni mimi, mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Henriette