Taulo la Ukurasa wa Biashara

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja na kifua cha mama kimepona. Macho ya baba ndiyo yale yale, kwa hiyo kila asubuhi namsomea gazeti la Kiingereza na kumfafanulia. Nahau zao humchekesha. Jana waliandika kwamba waziri amekalia uzio, maana yake hataki kuegemea upande wowote. Baba akauliza kama uzio wenyewe haukumchoma.

Leo ukurasa wa biashara umekitaja kiwanda chenu. Umeandika kwamba mwenye kiwanda ametupa taulo, maana yake amesalimu amri, anafunga. Kwa kuwa uliniomba nimfiche baba hali ya kiwanda, nikapiga moyo konde nikasema, "Eti tajiri amechoka, anapumzika kidogo."

Baba hakucheka.

"Nimesikia taulo. Soma tena."

Nikasoma. Ningemdanganyaje kocha wa ngumi kuhusu taulo, wakati yeye ndiye hulitupa ulingoni bondia wake akizidiwa? Mama aliacha kuosha vyombo, akabaki ananikodolea macho.

"Mmenificha tangu lini?"

Nikakunja gazeti nikingoja afoke.  Akasema, taratibu kabisa, "Mwandikie mwenzako. Mwambie siku ile ulingoni nilimtupia taulo mbele ya watu, akaninunia mwaka mzima. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu yake."

Kisha akanituma nitoe godoro lako stoo. Ninavyoandika, liko uani linapigwa na jua.

Mdogo wako,
msoma gazeti