Kinanda Kisichokuwa cha Wimbo Ule

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo, na karakana imepata kazi ya milango ya shule. Ila leo nakuandikia kukushukuru.

Jumamosi nilipiga muziki wa bluzi na bendi ya jazi. Kwa papara yangu nikachomoa mfukoni kinanda cha mdomo cha ufunguo mwingine, kisichoendana na wimbo, na zamu yangu imeshafika. Nusu ya sauti nilizozoea hazimo! Nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: "Sauti ikikosekana usiililie. Izunguke, au vuta pumzi uipinde ile ya jirani yake." Basi nikazunguka, nikapinda, nikatunga papo hapo mambo ambayo hata mimi siyajui. Mpiga besi akaangua kicheko, akauliza nani kanifundisha. Nikajibu kifua mbele, "Mjomba."

Binamu ameniambia kwamba tangu ulipopooza, mkono haushiki kitu na maneno hayatoki. Namwomba, akishakusomea barua hii, akushikie mdomoni kinanda nilichokifunga humu. Ndicho kile kile cha Jumamosi. Usihangaike na wimbo, Mjomba. Hicho ukivuta pumzi kinalia, ukiitoa kinalia. Wewe pumua tu.

Mpwa wako,
fundi milango