Nilipoondoa Kuinama Kwenye Judo

Rhonda,
Nakuru.
14 Juni 2025

Mpendwa binamu Kipkemoi,

Nakusalimu sana kutoka huku nyumbani. U mzima? Joto la Doha linasemaje? Na ule mgongo uliouumiza ukibeba mizigo, umepona au bado unajifanya shujaa? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri, na mama anasema viazi vya Keringet safari hii vitatushinda kula.

Uliniuliza kama bado nafundisha judo au nimezeeka. Nimezeeka, ndiyo, lakini bado nafundisha. Kila Jumamosi asubuhi watoto kumi na wanane huja katika ukumbi wa kanisa, tunatandika yale magodoro uliyonisaidia kushonea turubai, kisha tunaanza kwa kuanguka. Mwezi wa kwanza mtoto haangushi mtu, anajifunza kuanguka tu. Wazazi wengine hushangaa, maana watoto wao walikuwa wakianguka bure nyumbani.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nusura tunyang'anywe ukumbi. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi anaitwa Mugure, bibi wa miaka sabini na moja. Wewe humjui, alihamia hapa kutoka Subukia baada ya wewe kusafiri. Siku moja alipita akakuta watoto wanainamiana kabla ya kushikana.

"Mwalimu, hapa ni nyumba ya Mungu," akaniambia. "Hawa watoto wanainamia nani?"

Nami, badala ya kumweleza, niliogopa. Ukumbi mwingine sina, na bila ukumbi hakuna darasa. Nikamwambia mambo ya kuinama yameisha. Nikawaagiza watoto wawe wanapeana gota tu, ngumi kwa ngumi, jinsi wanavyosalimiana mtaani.

Hapo ndipo nilipokosea. Jumamosi ya kwanza walifurahi sana. Ya pili, gota zikaanza kuja na maneno: "Niaje, leo unalala!" Ya tatu, Kabiru, ambaye kwa kawaida ni mpole kabisa, alimpa mwenzake Natasha gota na papo hapo akamtupa chini kabla hajajiweka sawa. Kifundo cha mkono wa Natasha kikavimba. Hakikuvunjika, lakini nilimpeleka kwao nikiwa na aibu hata nikashindwa kumtazama mama yake usoni. Kabiru alilia kuliko Natasha.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Miaka yote hii nilidhani kuinama ni adabu ya Wajapani tuliyoichukua pamoja na mavazi yao. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mtu unayemwangusha amekuazima mwili wake. Amekuamini na shingo yake, mgongo wake, mifupa yake yote. Ukimwinamia unatulia kidogo, unakumbuka umeshika kitu cha mwenyewe. Gota ni salamu nzuri, hata mimi naipenda, ila haikupi huo muda wa kutulia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nawahubiria watoto ujasiri kila wiki, kumbe mimi namkimbia bibi mmoja mwenye mwavuli.

Basi nikamfuata Mugure kwake. Nikamwambia kuinama kunarudi, na kama ni kufukuzwa, tufukuzwe. Nilimwomba tu aje kwanza atazame. Jumamosi iliyopita akaja kweli, akaketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, uso umekaza. Natasha alikuwa ametolewa bandeji juzi yake. Akamwinamia Kabiru, Kabiru akamwinamia. Natasha akamwangusha vizuri, akampa mkono akamwinua, wakainamiana tena. Mugure akamwita Natasha na kumuuliza huwa anasema nini akiinama vile.

"Namwambia asante, Shosho," Natasha akajibu. "Amenipea mwili yake nijifunze nayo. Lazima nimrudishie ikiwa mzima."

Mugure alichukua mkoba wake akasimama. Nikajua ukumbi umekwenda. Watoto walipotoka akanisogelea, akachungulia mlangoni kama kuna mtu, akasema polepole, "Mwaka jana nilianguka bafu. Nikakaa hapo chini masaa mbili. Sijaambia hata watoto wangu. Unaeza nifunza hiyo ya kuanguka?"

Ukumbi ni wetu, binamu! Na juzi Alhamisi tulianza somo lake, mimi na yeye tu, kwa kukaa na kujilaza godoroni taratibu. Lakini kabla sijamgusa alivua viatu, akavipanga kando, akasimama mbele yangu na kuniinamia. Nilijaribu kujikaza kama mwalimu, nikashindwa, machozi yakanitoka.

Nisalimie Jackie na mtoto. Mama na Chepkemoi wanakusalimu, na Chepkemoi anauliza utakuja lini. Mungu akulinde kazini na njiani, na akuinue kila ukianguka.

Ni mimi binamu yako nikupendaye na kukukumbuka,
Cheruto